Mama Alitaka Tufikie Ng'ambo

Desemba 2016 nilimpeleka mama Unguja. Alikuwa ametimiza miaka 70, na kwa miaka 61 hakuwa amekanyaga kisiwa alichozaliwa. Babu yangu, Mnyamwezi wa Tabora, alivuka bahari ujanani kwenda kuchuma karafuu, kisha akawa kuli bandarini, akaoa, akapata watoto. Mwaka 1955 akafunga mizigo, akawarudisha wote Tabora. Mama alikuwa na miaka tisa.

Wiki mbili kabla ya safari, kila usiku nilikuwa na kazi moja: kutafuta mtaa wa kufikia. Nilitaka mama apate pazuri, nami nilikuwa nimeweka akiba ya mwaka mzima kwa ajili hiyo. Malindi ni hatua chache kutoka bandarini, ila nilihofia zogo la soko la samaki alfajiri. Mkunazini kuna kanisa kuu la Anglikana, lililojengwa palepale lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Nilitaka kupaona, lakini kulala jirani napo moyo ulikataa. Kiponda na Hurumzi ni vichochoro ambavyo gari haliingii, na mama ana magoti. Nikaishia Shangani: bahari iko karibu, bustani ya Forodhani iko karibu, na picha za vyumba zilikuwa za kutamanisha.

Mama alikuwa akinisikiliza huku anasuka ukili. Usiku mmoja akasema, "Mwanangu, mitaa yote unayonitajia ni ya mjini. Sisi tulikuwa watu wa Ng'ambo."

Nikamwambia Ng'ambo hakuna gesti nzuri. Ukweli ni kwamba sikuwa nimetafuta hata kidogo.

Asiyeujua mji ule huenda asielewe uzito wa neno hilo. Zamani mkono wa bahari uliingia nyuma ya Mji Mkongwe, maji yakijaa mji unabaki kama kisiwa. Upande huu zilikuwa nyumba za mawe za Waarabu, Wahindi na Wazungu. Upande wa pili, ng'ambo ya maji, walikaa makuli, wavuvi, wapagazi, mafundi, watumwa walioachwa huru na watoto wao, katika nyumba za udongo na makuti. Kulikuwa na daraja la kuvukia, ndiyo maana soko linaitwa Darajani hadi leo. Mkono ule wa bahari ulifukiwa siku nyingi, sasa ni barabara na viwanja vya Mnazi Mmoja, lakini watu bado wanasema "mjini" na "ng'ambo". UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Ng'ambo ilibaki nje ya mstari. Na mimi, nilipochora ramani yangu kwenye daftari, niliishia palepale barabarani. Upande wa pili niliuacha mweupe.

Tulifika saa kumi jioni. Teksi ikatushusha mwanzo wa kichochoro, kijana wa gesti akabeba sanduku. Nyumba ilikuwa nzuri kweli: mlango wa njumu za shaba, ua wa ndani wenye mmea wa asumini, na ngazi. Ngazi zile sitazisahau. Za mbao, zimesimama karibu wima, kila kipandio kimelika katikati kwa miguu ya watu wa miaka mingi. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu. Mama alipanda kipandio kimoja kimoja, mkono mmoja ukutani, mkono mwingine begani kwangu. Ghorofa ya pili akakaa chini, akafunga macho, akapumua. Kijana akasimama na sanduku kichwani, akimsubiri kwa adabu.

Chumbani mama alilala chali akatazama dari. Kama nyumba nyingi za mji ule, chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikandaa, miti ya mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Mawe ya matumbawe, chokaa, boriti; ndiyo nyumba nzima. Nilikuwa nimeyasoma hayo na nilikuwa tayari kumweleza. Akanitangulia.

"Hizi baba alizibeba."

Akaniambia majahazi yalikuwa yakileta boriti kutoka Rufiji, na makuli wakizishusha kwa bega. Babu alikuwa akirudi jioni bega limechubuka, bibi anampaka mafuta ya nazi. Akanisimulia pia alivyosikia kwa babu habari za mgomo wa 1948, ulioanzia kwa makuli wa bandarini ukasimamisha mji, watu wakilia na mishahara isiyokidhi chakula. Yeye alikuwa mchanga mgongoni. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akitaja hayo.

Lakini usiku hakulala. Nilimsikia akijigeuza. Bahari ilikuwa ikivuma, upepo wa kaskazi unaingia dirishani, na mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyetimiza ahadi. Saa tisa usiku akaniita. "Umeamka? Hapa hakuna hata mtoto anayelia."

Asubuhi hakutaka kwenda Forodhani. Hakutaka Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ingawa nilimsihi tuitazame hata kwa nje. (Leo najuta kwa hilo. Desemba 2020 upande mmoja wa jumba lile uliporomoka.) Alitaka tuvuke barabara ya Darajani, basi. Tukapita sokoni pole pole, katikati ya mafungu ya ndizi na harufu ya pweza, tukavuka, tukafika Michenzani.

Pale mama akasimama. Mbele yetu yalikuwa yale majumba marefu ya saruji, yamejipanga pande nne kama mabehewa ya treni, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ili yajengwe, nyumba nyingi za zamani zilibomolewa. Nilikuwa najua, na sikuwa nimemwambia.

"Michenza iko wapi?" akauliza.

Jina la mahali limetokana na miti hiyo, na yeye aliukumbuka mmoja uliokuwa karibu na nyumba yao, na bomba la maji la mtaa ambako bibi alikuwa akipanga foleni na ndoo. Hakulia. Alishika tu mkono wangu, akaubana.

Tuliingia mitaa ya nyuma, kule ambako nyumba za chini bado zipo. Barazani kwa nyumba moja alikuwa amekaa bibi wa makamo ya mama, kanga mbili, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Mama akatoa salamu. Bibi akaitikia, akasogea, akapiga baraza kwa kiganja: kaeni.

"Mmetoka wapi wenzangu?"

"Tabora. Ila mimi nimezaliwa hapa, penye bomba."

"Bomba lipi? La karibu na msikiti au la kwa yule fundi baiskeli?"

Mama akafikiri. Nilimwona midomo ikitikisika, kama mtu anayehesabu. "Palikuwa na mtu anasuka vikapu pembeni."

"La msikitini hilo!" Bibi akageuka akaonyesha kidole, juu ya mapaa ya mabati, hadi kwenye pembe ya jumba moja la saruji ambako nguo zilikuwa zimeanikwa. "Pale. Chini ya zile nguo."

Bibi yule hakumjua babu yangu. Makuli walikuwa wengi, alisema, na Wanyamwezi walikuwa wengi. Lakini bomba alilijua, na foleni aliijua, na wakaanza kutajiana majina ya watoto waliokuwa wakimwagiana maji, mengine yakigongana, mengine yakipotea. Tukaletewa chai ya mkandaa, yaani ya rangi, na mkate wa boflo. Jua likapanda. Ndipo bibi akauliza lile swali ambalo kila mtu Unguja huuliza.

"Na mmefikia wapi?"

"Shangani," nikajibu mimi.

"Shangani?" Alituangalia kwa huruma ya kweli. "Huko mna nani?"

Mama akaniangalia. Katika hesabu zangu zote za wiki mbili, umbali na bei na bahari, swali hilo halikuwamo.

"Hatuna mtu," mama akasema.

Kulikuwa na chumba cha uani, cha mjukuu aliyekwenda Pemba. Chini, bila ngazi hata moja. Bibi alikataa kutaja bei, tukabishana, mwishowe akakubali tuchangie chakula. Alimtuma kijana atupeleke kwa sheha, kiongozi wa mtaa, tukaandikishwa majina yetu kama wageni wake, mama akataja mahali pa kuzaliwa kwa sauti kuliko ilivyohitajika.

Nilirudi peke yangu Shangani kuchukua mizigo. Tulikuwa tumelipia siku nne. Mwenye gesti alikataa kurudisha hata senti, nami nikabishana naye kwa muda kwa sababu ile ilikuwa pesa ya jasho, kisha nikaacha. Nikashusha sanduku kwa zile ngazi, nikajitwisha, nikapita Sokomuhogo ambako wazee walikuwa wakinywa kahawa na kucheza bao, nikapita Mkunazini, nikavuka Darajani jua likiwa la utosi.

Nilipopiga hodi, mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa uani, amenyoosha miguu jamvini, ungo mapajani, anachagua mchele. Bibi alikuwa upande wa pili anakuna nazi. Mama hakuinua kichwa.

"Weka sanduku ndani," akasema, "halafu kalete maji."