Mfiwa au mhudumu?

Usingizi umegoma, kwa hiyo naandika. Ni lile swali la mlangoni, sioni namna nyingine ya kulitoa kichwani.

Aliyeuliza ni yule mzee wa kanisa mwenye miwani ya kusomea, anayeipandisha kwenye paji la uso halafu akaanza kuitafuta mifukoni. Mnamkumbuka, ndiye aliyeisimamisha kwaya nzima kwa sababu ya viatu. Jana jioni alikuwa mlangoni na boksi aliloligawa kati kwa kipande cha kadibodi. Upande mmoja kulikuwa na mishumaa, kila mmoja umevikwa kikaratasi cha duara ili nta isidondokee vidole. Upande wa pili kulikuwa na karatasi za utaratibu wa ibada zilizopigwa alama nyekundu kwa ajili ya wasomaji. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama usoni kidogo.

"Mfiwa au mhudumu?"

"Mhudumu," nikasema.

Akanipa karatasi, nikaingia. Hakuna kingine kilichotokea pale mlangoni, na bado nimelirudia jambo hili tangu jana kama ulimi unaorudi kwenye pengo la jino.

Ibada yenyewe ni ile niliyowadokeza, ambayo mchungaji aliing'ang'ania mpaka baraza likachoka kumpinga: ibada ya Krismasi kwa wenye majonzi. Si kitu alichokibuni yeye. Kwingine huiita Krismasi ya bluu, kwingine ibada ya usiku mrefu, na mara nyingi hufanyika tarehe 21 Desemba au siku za jirani, kwa sababu upande wa kaskazini wa dunia ndio usiku mrefu kuliko yote ya mwaka. (Kusini mwa ikweta siku hiyo usiku ndio mfupi kuliko yote, lakini hilo halijamzuia mtu yeyote kulia.) Mchungaji alituambia pia kwamba tarehe hiyo zamani ilikuwa ya mtume Tomaso, mpaka Kanisa Katoliki lilipopanga upya kalenda yake mwaka 1969 na kumhamishia Julai 3. Nikampenda Tomaso kwa hilo. Mtu aliyesema hasadiki mpaka aguse majeraha, akapewa siku yake karibu kabisa na Krismasi, wakati wengine wote tunatakiwa tuwe tunang'aa.

Nirudi mlangoni. Nimejaribu majibu mengine yote. "Vyote viwili." "Niandike popote." "Wewe unanionaje?" Hili la mwisho lingekuwa la kiburi, najua, ila usiku huu limenipendeza zaidi ya mengine. Nimejaribu hata sauti yake, kama alilikazia neno moja kuliko lingine. Hakulikazia. Aliuliza kama anayeuliza unakaa mbele au nyuma. Angeweza kunipa pole nisiyoihitaji, na ningeandika malalamiko mengine tofauti kabisa. Kwa hiyo tatizo si mzee.

Kilichonichoma ni jinsi neno lilivyotoka mdomoni bila kusita. Mhudumu. Tangu Baba aondoke hiyo ndiyo kazi yangu. Nani aliandika ratiba ya mazishi, nani alipiga simu kwa ndugu, nani alisimama na daftari la michango, nani alijua funguo za gari la kukodi ziko wapi? Hata siku ile yenyewe nilikuwa nauliza kama maji ya wageni yanatosha. Watu walinisifu: "Umejikaza kweli, mwanangu." Nikashukuru. Jana ndiyo mara ya kwanza mtu kunipa nafasi ya kuchagua upande mwingine, pamoja na mshumaa juu, na mimi nikachukua karatasi.

Wiki hii ofisi imehamia jengo jipya, bosi mnayemjua ameacha kazi, na mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, Mungu ni mwema. Hayo yote yatapata siku yake.

Somo langu lilikuwa Zaburi ya 88. Kama hamjaisoma siku za karibuni, ni hivi: zaburi nyingi za kulia hugeuka mahali fulani, mwenye kulia akakumbuka kusifu kabla hajamaliza. Hii haigeuki. Inaanza na mtu anayelia mchana na usiku mbele za Bwana na inamalizika kwa "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Ndiyo mwisho, hapo hapo gizani. Nilipokuwa nikifanya mazoezi nyumbani nilidhani mchungaji amesahau kuniandikia mistari ya kumalizia, nikampigia. Akasema, "Ishia hapo hapo, halafu kaa." Nikaishia hapo, nikakaa. Hakuna aliyesema amina. Kimya kilidumu mpaka nikaanza kusikia watu wakimeza mate.

Taa za juu zilikuwa zimezimwa. Walituachia zile za pembeni tu na mishumaa minne mbele: mmoja kwa tuliowapoteza, mmoja kwa maumivu yenyewe, mmoja kwa hasira na mashaka, wa mwisho kwa tumaini. Hakuna aliyelazimishwa kusimama wala kumsalimia jirani. Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa kabisa kwamba ukitaka kuondoka kabla ya baraka, ondoka, hakuna atakayekufuata. Mama mmoja nisiyemfahamu aliondoka kweli, na hakuna aliyemfuata. Nimeabudu maisha yangu yote na sijawahi kuona kanisa linamwacha mtu aende zake hivyo.

Injili ilikuwa ile ya Mathayo sura ya 2, Herode na watoto wa Bethlehemu. "Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako." Ninaisikia kila mwaka lakini kwa kupitiwa tu, maana huangukia Desemba 28, siku ya kuwakumbuka watoto hao, na kufikia hapo nusu ya washarika wamesafiri na nusu wamechoka. Jana ndiyo nimesikia kwamba Raheli anakataa, na Mathayo anamwacha akatae. Hakuna malaika anayetumwa kumtuliza.

Sasa Mama. Mchana alikuwa amenijibu, "Mimi siendi kulia kwa ratiba." Nikamwacha. Wakati wa mshumaa wa pili nikageuka na kumwona ameketi benchi la nyuma, kanga begani, mshumaa mkono mmoja na karatasi yenye alama nyekundu mkono wa pili. Karatasi ya wasomaji! Nikadhani mzee wa watu amechanganyikiwa.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza amevipataje vyote viwili.

"Yule mzee aliniuliza mimi ni yupi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, mzee mwenzangu, mimi nimekuja kukaa tu. Akashusha miwani, akanitazama, akanipa kila kilichokuwemo."

Nilicheka mpaka nikasimama barabarani. Naye akacheka, kicheko chake kile cha puani ambacho nilidhani kimezikwa. Nilimwonea wivu kidogo, nikiri. Miezi yote hii najaribu kujua nasimama upande gani wa kadibodi, kumbe mtu anaweza kuja kukaa tu.

Akaendelea, maana Mama akianza hakomi. Alitaka kujua kwa nini Ana, binti Fanueli, hayumo kwenye igizo la watoto. Yule nabii mjane wa kwenye Luka sura ya 2, aliyekaa na mume miaka saba tu, akazeekea hekaluni akifunga na kuomba, na ndiye aliyesimama kuwaambia watu habari za mtoto. Nikamweleza kwamba hayo yalitokea baadaye, mtoto alipopelekwa Yerusalemu. "Na mamajusi je? Hao nao walifika usiku ule ule wa horini?" Sikuwa na jibu. "Kondoo wamo, mjane hayumo," akasema, na nadhani kesho atampelekea mwalimu wa Shule ya Jumapili hoja hiyo hiyo kwa sauti hiyo hiyo. Namhurumia mwalimu. Upande wangu, ningependa kuona mtoto wa miaka minane amevikwa kanga anacheza ujane mbele ya kanisa zima wakati malaika wanasubiri zamu yao.

Tarehe 25 nitasimama na sauti ya pili kama kawaida. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kujitoa kwa katibu wa kwaya, nimeufuta. Sina hakika kama nitafika mwisho wa wimbo wa kwanza. Nikishindwa nitanyamaza, walio kulia na kushoto kwangu wana sauti za kutosha, na mchungaji ameahidi kuutaja msiba kwenye maombi hata siku hiyo, katikati ya matarumbeta. Wapo watakaonung'unika kwamba analeta simanzi kwenye sikukuu. Wanung'unike. Aliyezaliwa siku hiyo alikuja kumlilia machozi rafiki yake aliyekufa, imeandikwa.

Kinachonitia wasiwasi usiku huu kwa kweli ni jino, na hili si la mfano. Gego la chini kushoto limeanza tena kuvuta nikinywa kitu cha baridi, sasa hivi hata maji ya kawaida, na kliniki wamebandika tangazo kwamba hawafungui mpaka baada ya Mwaka Mpya.