Kidonda juu ya kovu la zamani

Kovu langu lina miaka 36. Nilikuwa mtoto wa miaka 7 nilipomwagikiwa maji ya moto, mguu wa kushoto ukaungua kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Palipopona pakabaki ngozi ngumu, inayong'aa, isiyoota hata kinyweleo kimoja. Huchubuka kwa kitu kidogo tu. Nimekua nayo hivyo: ikichubuka napaka dawa, siku chache pamefunga. Kwa hiyo ilipochubuka miaka 2 iliyopita na kukataa kufunga, sikushtuka. Kumbe ilikuwa saratani ya ngozi.

Wengine waliniambia ni donda ndugu. Wengine wakasema ni mishipa, kwa sababu mimi ni mwalimu na nasimama kutwa. Sukari ilipimwa, sina. Nilimaliza dozi 4 za antibaiotiki, na kila mara kidonda kilikauka kidogo kisha kikarudi vilevile. Miezi 8 ilipita hivyo, na kila niliyemwendea alinibadilishia dawa bila kuniuliza chini ya kidonda kile palikuwa na nini kabla. Jambo hilo bado linaniuma moyoni.

Nami sikujua kusoma kingo. Kidonda kinachopona, ukingo wake hulala, na ngozi changa huingia taratibu kuelekea katikati. Changu kilikuwa kimeinua ukingo, mgumu ukiubonyeza, umejikunja kwa nje kama mdomo wa chungu. Katikati nyama ilikuwa ya chembechembe, gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, ikiigusa tu, damu. Harufu haikuisha hata nilipokisafisha asubuhi na jioni. Maumivu yalikuwa madogo, na hayo madogo ndiyo yaliyonidanganya: nilidhani saratani lazima iume.

Aliyeniokoa ni nesi wa kufunga vidonda. Aliondoa gozi, akakaa kimya, akakizungusha kidole chenye glavu pembeni.

"Mama, hapa palikuwa na kovu la moto?"

"Ndiyo, tangu utotoni."

"Wamewahi kukukata kinyama, kipande kidogo cha nyama ya kidonda, kwenda kupima?"

"Hapana."

"Basi leo huondoki bila kumwona daktari wa upasuaji."

Kukatwa kinyama kulichukua dakika chache. Nilichomwa sindano ya ganzi, nikasikia kuvutwa bila maumivu. Daktari alichukua vipande pembeni, si katikati, akanieleza kwamba katikati mara nyingi huwa ni nyama iliyokufa tupu, haitoi jibu. Shikeni hilo, maana wapo waliopimwa kipande kibaya wakaambiwa wako salama.

Jibu lilikuja: saratani ya seli bapa za ngozi, zile zinazounda tabaka la juu kabisa, ambazo wataalamu huziita seli za skwamasi. Daktari alinionyesha picha ya hadubini. Kulikuwa na viduara vya rangi ya waridi vilivyopangana tabaka kwa tabaka, na jina lake ni lulu za keratini. Keratini ni kitu kilekile kinachofanya kucha. Seli zangu zilikuwa bado zinajaribu kutengeneza ngozi, ila mahali pasipotakiwa, zikichimba kwenda chini. Saratani ya kwenye kovu huitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la mpasuaji Mfaransa aliyeandika juu ya vidonda vya namna hii mwaka 1828. Mara nyingi huchukua makumi ya miaka tangu kuungua.

Nilimwuliza, "Lakini mimi ni mweusi?" Nilikuwa nimeshika kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu. Alinijibu kwamba jua ndilo chanzo kikuu kwa wenye ngozi nyeupe, na kwa watu wenye ualbino ni hatari kubwa sana. Hao, kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua ni dawa kabisa, na vipele vikavu vya magamba usoni, masikioni au mdomo wa chini vigandishwe mapema kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali sana, kabla havijageuka saratani. Sisi weusi mara nyingi hutupata kule kusikofika jua: kwenye makovu ya moto na vidonda sugu vya miguu. Wanaotumia dawa za kushusha kinga baada ya kupandikizwa figo nao wajichunguze bila kuchoka.

Nilipigwa eksirei kuona kama imefika mfupani, na matezi ya kinena yakapimwa, maana hapo ndipo ingekimbilia kwanza. Yote yalikuwa salama. Wakakata kidonda pamoja na sentimita 2 za ngozi inayoonekana nzima kukizunguka, wakaziba kwa ngozi iliyovuliwa pajani. Niamini, paja liliniuma kuliko mguu! Siku 5 bandeji haikufunguliwa. Ilipofunguliwa, ngozi ilikuwa imeshika. Patholojia, wale wa maabara wanaopima nyama iliyokatwa, wakathibitisha kingo zote ni safi, hivyo sikuhitaji mionzi. Ambao imesambaa na haikatiki, siku hizi zipo dawa za kuamsha kinga ya mwili. Mojawapo, semiplimabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018.

Kama una kidonda kilichopitisha wiki 4 bila kufunga, hasa juu ya kovu, usiombe dawa nyingine. Omba wakikate kinyama, na utamke wewe mwenyewe: "Hapa niliungua zamani."

Kila miezi 3 daktari ananipapasa kinena. Nyumbani binti yangu hunimulikia kwa simu nitazame shavu la mguu. Jana usiku tuliona mchubuko mdogo pembeni mwa ngozi iliyopandikizwa, upana wa punje ya mchele. Asubuhi nimepiga simu kliniki. Wamesema niende Alhamisi.