Kijani tupu: siku moja ya fundi wa seva Dar es Salaam

Saa 11:10 alfajiri

Simu ilianza kutetemeka juu ya stuli kabla hata ya adhana. Dada wa huduma kwa wateja, zamu ya usiku. Akipiga saa hizo hana habari na salamu ndefu.

"Kaka, watu wanalalamika tiketi hazikatiki. Wengine wanakata vizuri tu. Kuna baba mmoja amejaribu mara saba."

Tunauza tiketi za mabasi ya mikoani mtandaoni. Abiria wa basi la saa 12 asubuhi pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ndio hukata dakika za mwisho huku wanavaa viatu, na hao subira hawana. Nikafungua laptopu palepale kitandani, nikakata tiketi ya majaribio ya kwenda Morogoro. Ikakatika. Nikakata nyingine ya Iringa. Ikakatika pia.

Nikafungua ukurasa wa hali wa HAProxy, programu inayotugawia wateja kwenye seva. Seva nne, mistari minne, yote kijani. Kwenye safu ya vipimo: L4OK, L4OK, L4OK, L4OK.

"Mbona kwangu inafanya kazi?" ndilo neno ninalolichukia kuliko yote kwenye kazi hii, na alfajiri hiyo lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi. Nikalimeza. Nikamwambia dada amwambie yule baba afungue tovuti kwa simu nyingine, nami nikaingia bafuni.

Saa 12:05 asubuhi

Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, mkoba kifuani. Laptopu haifunguki humo, kwa hiyo ukiwa na tatizo unalitafuna kichwani mpaka ufike.

Kwa asiyejua kazi yetu: lodibalansa, kwetu ndiyo hiyo HAProxy, ni kama mpiga debe wa stendi. Abiria anakuja, mpiga debe anamsukumia gari hili au lile ili lisijae moja mengine yakiwa matupu. Na kila baada ya muda anatupa jicho kuona gari gani limeharibika, asije akapakia watu humo. Sasa suala zima liko hapo kwenye kutupa jicho. Anaangalia nini hasa? Taa zinawaka? Injini inanguruma? Au anamuuliza dereva kama breki zinashika?

Mpiga debe wetu alikuwa anaangalia kama mlango unafunguka. Ndiyo maana ya hiyo L4OK: kila sekunde mbili HAProxy inabisha mlango wa seva, mlango ukifunguka inaridhika na kuondoka. Haiingii ndani. Haiulizi chochote. Hivyo ndivyo inavyokuja usipoibadilisha: kipimo kila sekunde mbili, kikishindwa mara tatu mfululizo seva inatolewa, kikifaulu mara mbili inarudishwa.

Tulipofika Magomeni nikawa nimeshakumbuka kitu cha pili: kuki, ile alama ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari cha mteja. Mteja akishapelekwa seva fulani, HAProxy humbandikia kuki ili arudi hapohapo safari nyingine. Mimi kuki yangu ni ya wiki nzima, na huenda ilikuwa inanirudisha kwenye seva isiyo mbovu kila mara. Yule baba wa mara saba alikuwa anagonga mlango uleule mbovu mara saba.

Saa 1:00 asubuhi

Ofisini, Kinondoni. Dogo aliyekesha zamu alikuwa ameshaanzisha upya kila kilichoanzishika isipokuwa seva zenyewe, namshukuru Mungu kwa hilo.

"Broo, kumekucha. Nimeangalia mara kumi, zote ziko hewani."

"Ziko hewani, ndiyo. Lete logi."

Hapa ndipo siku yenyewe ilipoanza. Kwenye logi za HAProxy kila ombi lina mstari wake: limepelekwa seva ipi, limechukua milisekunde ngapi, limejibiwa nambari gani, halafu alama nne zinazosema mazungumzo yaliishaje. Nikachuja majibu ya 500, nambari ya kosa la seva, peke yake. Yote yalitoka web3, seva yetu ya tatu. Hakuna hata moja la seva nyingine. Na kwenye zile alama nne, mbili za mwanzo zilikuwa vistari vitupu kila mstari, `--` (mbili za mwisho ni za kuki), maana yake kwa upande wa HAProxy mazungumzo yaliisha salama. Mteja aliuliza, seva ikajibu, wakaagana. Kwamba jibu lenyewe lilikuwa "nimeharibikiwa" si jambo linalomhusu.

Kisha dogo akaona kitu ambacho mimi nilikuwa nimekipita. "Broo, hebu tazama muda. Web1 milisekunde mia nne na kitu. Web3 milisekunde nne."

Nikacheka kwa uchungu. Sisi tunagawa wateja kwa kanuni ya leastconn: ombi jipya aende seva yenye maombi machache wakati huo. Seva nzima inahangaika na ombi moja karibu nusu sekunde, inauliza hifadhidata, inapanga viti, inaandaa malipo. Seva mbovu inasema 500 papo hapo na kubaki mikono mitupu. Kwa macho ya leastconn, huyo ndiye mfanyakazi hodari kuliko wote, kila mara yuko huru! Kwa hiyo wateja wapya, wasio na kuki, walikuwa wanamiminwa web3. Ukiweka mshale wa mausi juu ya jumla ya vikao kwenye ukurasa wa hali, kinajitokeza kisanduku kinachochambua majibu kwa makundi. Cha web3 kilionyesha karibu yote ni ya 5xx, kundi la makosa ya seva. Taarifa ilikuwepo muda wote, chini ya rangi ya kijani, ikisubiri mtu apeleke mshale.

Saa 1:25

Kabla ya kutibu, toa mgonjwa barabarani. Dogo akataka kuiweka web3 kwenye DRAIN. Nikamzuia. DRAIN hufunga mlango kwa wageni tu, wenye kuki huendelea kuingia, na wenye kuki ndio hao waliokuwa wanateseka. Tukaiweka MAINT, yaani matengenezo, rangi ya mstari ikabadilika, na wenye kuki zake wakahamishiwa seva nyingine bila kuambiwa.

Simu za wateja zikanyamaza ndani ya dakika chache.

Nikaingia web3 yenyewe. `df -h`. Diski: asilimia 100. Programu ilikuwa haiwezi kuandika hata faili la kikao cha mteja, ndiyo maana ililia 500 kabla ya kufanya lolote. Na kilichojaza diski kilikuwa logi za kina, gigabaiti kwa gigabaiti, za mtu aliyeziwasha wiki mbili zilizopita akitafuta hitilafu ya malipo na kusahau kuzizima.

Mtu huyo ni mimi. Nilimwambia dogo palepale, maana angeona jina langu kwenye historia ya amri hata nisingesema.

Saa 3:30

Chai, chapati mbili, maharage. Bosi wetu ni mama asiyependa porojo za kitaalamu.

"Mwanangu, nieleze Kiswahili cha nyumbani. Tulinunua mtambo wa kutambua seva ikifa. Mbona haukutambua?"

"Shikamoo mama. Haikufa. Ilikuwa inapumua, inaitika ukiiita, ila haifanyi kazi. Na sisi tulikuwa tunapima pumzi."

"Marahaba. Basi leo pimeni kazi."

Akaondoka na kikombe chake.

Saa 5:00

Tuna seti ndogo ya majaribio, seva mbili na lodibalansa yake, hakuna mteja anayefika huko. Nilitaka dogo aone kwa macho yake jinsi seva inavyoweza kushindwa kwa njia tofauti, kwa sababu watu wengi hujaribu njia moja tu: wanazima programu, mstari unakuwa mwekundu, wanapeana mikono.

Tukaanza na hiyo. Programu ikazimwa, mlango ukakataa, HAProxy ikaandika L4CON, na baada ya vipimo vitatu ikaitoa. Tukawasha, tukaweka ngome ya mtandao (firewall) ya kutupa kila pakiti kimyakimya: L4TOUT, ikatolewa pia, ingawa kwa kuchelewa kidogo kwani kila kipimo kilibidi kingoje jibu lisilokuja.

"Sasa igandishe," nikamwambia. "`kill -STOP`."

Amri hiyo haiui programu. Inaisimamisha ilipo, kama mtu aliyeganda na kijiko mdomoni. Dogo akaigandisha, akageuka kuangalia ukurasa. Kijani. Sekunde kumi, kijani. Dakika, kijani. L4OK, milisekunde sifuri.

"Sasa nani anaitika?"

Anayeitika ni kernel, kiini cha mfumo endeshi. Mlango wa mtandao haufunguliwi na programu, unafunguliwa na Linux yenyewe, ambayo humkaribisha mgeni na kumweka kwenye foleni mpaka programu ije kumchukua. Programu imeganda, haji mtu, lakini mgeni ameshakaribishwa na kipimo kimeridhika. Foleni ikijaa ndipo milango hufungwa. Zamani kikomo cha kawaida cha foleni hiyo kilikuwa 128. Tangu Linux 5.4 ni 4096, mradi programu yenyewe haikuomba pungufu. Kwa vipimo peke yake, kimoja kila sekunde mbili, foleni ya 4096 inachukua zaidi ya saa mbili kujaa. Saa mbili za kijani kwenye seva iliyoganda! Wateja halisi wangeijaza mapema zaidi, lakini wangeijaza kwa miili yao.

Hapo dogo akauliza swali zuri: je, tungekuwa tunatumia Nginx ya bure, programu nyingine ya kugawa wateja, kama kazini kwangu kwa zamani? Hali ingekuwa ileile. Toleo la bure halina kipimo cha kwenda kubisha. Linajifunza kwa wateja wenyewe wanaokwama: kosa moja, seva inawekwa kando sekunde kumi. Na kwa kawaida kosa kwake ni kushindwa kuunganishwa au kungoja kupita muda. Jibu la 500 halimo. Yule baba angekwama vilevile.

Saa 7:00

Wali maharage kwa mama ntilie. Joto. Hakuna la kusimulia.

Saa 8:00 mchana

Sasa kuandika kipimo kipya. Tunataka HAProxy iombe ukurasa, `/afya`, na isiridhike mpaka ipate 200, nambari ya "sawa". Kuandika mistari ya `option httpchk` na `http-check expect status 200` ni dakika tano. Kazi ni kuamua huo ukurasa ujibu kwa kuangalia nini, na hapo ndipo tulipobishana hadi saa kumi.

Dogo aliandika toleo lake kwa bidii: linaandika faili dogo kwenye diski, linauliza hifadhidata, linagonga hodi kwa mfumo wa malipo. "Kila kitu, broo. Hakuna kitakachopita."

"Sawa. Iweke kwenye majaribio, halafu ifanye hifadhidata iwe nzito, ichelewe sekunde tano."

Akafanya. Baada ya muda mfupi seva zote mbili zikawa nyekundu kwa pamoja, na HAProxy ikaanza kumjibu kila mtu 503: hakuna seva ya kukuhudumia. Hifadhidata haikufa, ilichelewa tu. Mteja ambaye angengoja kidogo na kupata tiketi yake, au angalau kuona ratiba ambayo haihitaji hifadhidata hata kidogo, sasa anafungiwa geti. Akiegemea meza akasema, "Nimeua wote."

Swali lililobaki kwenye `/afya` ni hili tu: je, kuna shida ambayo itaisha mteja akipelekwa kwa jirani? Diski imejaa: ndiyo, jirani ana diski yake. Nyuzi zote za programu (threads, mikono yake ya kazi) zimeshikika: ndiyo. Hifadhidata nzito: hapana, jirani anauliza hifadhidata ileile. Hiyo ipelekwe kwenye kengele za simu zetu, siyo kwa mpiga debe. Tukafuta mistari miwili kati ya mitatu ya dogo, tukaongeza wa nyuzi.

Nilitaka pia `observe layer7`, inayofanya HAProxy itazame majibu ya wateja halisi na kuitoa seva ikikosea mfululizo. Tukaiacha kwa sasa. Ukiwa na ombi moja baya linaloangusha ukurasa wowote linapopita, mteja mmoja king'ang'anizi anaweza kuzizima seva zote nne, moja baada ya nyingine. Tulichokiongeza ni `slowstart` ya sekunde 30, seva ikirudi ipewe wateja kidogokidogo, kwani chini ya leastconn anayerudi na mikono mitupu hurushiwa kila kitu.

Tukairudia ile ya kugandisha. Safari hii, L7TOUT, yaani ukurasa haukujibu kwa wakati, nyekundu. Dogo akapiga picha ya skrini.

Saa 12:30 jioni

Tukaingiza usanidi mpya kwenye seva za kweli, tukarudisha web3, diski safi. L7OK nne. Nikapanda gari kurudi.

Saa 4:40 usiku

Nimeshazima taa ndipo nikakumbuka. Wiki mbili zilizopita, siku ile ya hitilafu ya malipo, sikuwasha logi za kina kwenye seva moja. Niliwasha kwenye mbili.

Laptopu tena, kitandani tena. Web1: asilimia 91.