Kichwa kinaniuma, me duele la cabeza: wiki ya tatu Xela

Leo natimiza wiki tatu hapa Quetzaltenango, Guatemala, nilikokuja kujifunza Kihispania, ingawa hilo jina naliona zaidi kwenye ramani, watu wenyewe wanasema Xela na inatamkwa Shela, kama Shela ya Lamu, kwa hiyo siku ya kwanza stendi niliposikia konda anaita Xela Xela Xela moyo ulinilegea kabisa. Mabasi yenyewe ni yale ya wanafunzi wa Marekani yaliyozeeka, yamepigwa rangi upya, kiti cha wawili mnakaa watatu na mizigo juu kwenye keria. Hapo sikuhitaji mwalimu.

Baridi ndo ilinishika. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na mi mtoto wa Tanga ninayeishi Houston sikubeba hata sweta, siku ya pili tu nikaenda sokoni kununua blanketi la sufu la Momostenango, zito kweli, nalipenda sana.

Nakaa kwa familia. Mama mwenye nyumba namwita doña na namwambia usted, ile wewe ya heshima, siwezi kabisa kumwambia tú, wewe ya kawaida, ni kama kumpita mama wa watu bila shikamoo. Tunakula maharage meusi na tortilla za mahindi asubuhi mchana jioni, Alhamisi ni paches, viazi vilivyopondwa na nyama ndani vikafungwa kwenye majani. Ukimaliza kula unawaambia wote mezani muchas gracias, asanteni sana, nao wanakujibu buen provecho, yaani chakula kikufae, hata yule mjukuu wa miaka minne, na mimi hiyo imenigusa mana nyumbani kwetu pia mtu hanyanyuki mezani kimya kimya.

Sasa kilichonileta. Mi ni nesi, wodi yangu ina wagonjwa wengi wanaoongea Kihispania, na mkalimani wa simu yupo ila saa tisa usiku mtu anapolia hutaki kusubiri simu iunganishwe. Halafu kuna ile kesi ya Florida mwaka 1980, kijana wa miaka 18 aliletwa hospitali hajitambui, familia ikasema yuko intoxicado, wakimaanisha kuna kitu amekula kimemdhuru, wahudumu wakaelewa amezidisha madawa ya kulevya wakamtibu hivyo, kumbe damu inavuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu. Neno moja tu jamani. Tangu niisome hiyo habari sijaweza kuiacha.

Darasani ni mwalimu mmoja mwanafunzi mmoja, masaa matano kwa siku, na wiki ya kwanza nilitoka na kichwa kizito kila siku kwa sababu nilikuwa napitia Kiingereza, natafuta "I have a" halafu naigeuza. Mwalimu akaniuliza, kwenu mnasemaje? Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akaniambia nivunje vipande. Kichwa, kinauma, mimi. Me duele la cabeza! Kichwa ndo kinafanya kazi, mimi nafanyiwa. Miguu inaniuma, me duelen los pies, kitenzi kinafuata miguu, sio mimi. Nina miaka arobaini, tengo cuarenta años. Nina njaa, nina kiu, nina homa, zote ni tengo. Na mgonjwa wa kisukari hapa anakwambia tengo azúcar, yaani nina sukari, vilevile kama bibi yangu alivyokuwa anasema, na neno lenyewe sisi na wao tumelitoa kwa Waarabu. Siku ile niliacha Kiingereza mlangoni na sijakirudia.

Mchana naenda kliniki moja ndogo nje ya mji kusaidia kupima presha. Watoto wachanga wanavalishwa uzi mwekundu mkononi wasipigwe jicho, sikuhitaji kuelezewa. Na wazee wengi pale Kihispania sio lugha yao, wanaongea Kimam, lugha ya Wamaya wa huku, ndo nikakumbuka nilivyokuwa mwanafunzi Lushoto, bibi anaongea Kisambaa, mjukuu anakutafsiria Kiswahili, na wewe unamwangalia bibi usoni, sio mjukuu.

Juzi nilimpata bibi wa namna hiyo. Amekaa, ameshika goti. Nikauliza ¿desde cuándo le duele?, linakuuma tangu lini, kijana aliyekuja naye akamgeuzia Kimam, bibi akaongea muda mrefu huku anaonyesha mlimani, kijana akanijibu kwa kifupi, desde las lluvias. Tangu mvua. Nikauliza mvua za mwaka huu au mwaka jana, mana bibi zetu nao wanahesabu hivyohivyo, masika ipi, vuli ipi. Kijana akashtuka, akamuuliza tena.

Za mwaka jana. Mwaka mzima anapanda na kushuka ule mlima na goti hilo. Nikaandika kwenye kadi yake, nikaenda kumwonyesha daktari mwenyewe. Jumatatu anarudi, nimeomba nipangwe mimi.