Sili ya nyuma, upande wa kushoto

Jumapili, usiku

Mikono bado inanuka oili ya difu, lile boksi la giya katikati ya ekseli ya nyuma. Nimenawa kwa sabuni ya unga, nikajisugua na mchanga, lakini ile harufu ya kiberiti haitoki kirahisi. Ndiyo hiyohiyo iliyonihakikishia kwamba kinachovuja kwenye tairi la nyuma kushoto si mafuta ya breki. Mafuta ya breki ni mepesi, ukiyamwagia maji yanaondoka, na kikopo chake kule mbele kinaanza kupungua. Oili ya difu ni nzito na inang'ang'ania kidoleni. Ilikuwa imetoka ndani ya ngoma ya breki, ikachora mistari myeusi kwenye ringi, vumbi la barabarani likaigandia.

Pikapu hii ilikuwa ya baba kabla haijawa yangu, na imeshabeba kila kitu: magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, saruji ya kupeleka Igoma, mihogo kutoka Sengerema. Naipenda na sioni haya kusema hivyo. Ndiyo maana sikutaka ifanyiwe kazi ya kubandika na kuondoka. Hapa mjini Mwanza naona watu wanabadilisha sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke mwisho wa ekseli, wanalipa, wanaondoka na furaha, kisha oili inarudi palepale na fundi anatukanwa, au muuza spea anaambiwa kauza feki. Feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi sili inaonewa. Kuna kitu kingine kinachoiua, na kisipotafutwa kitaiua na mpya.

Fundi wangu ni mzee wa Nyakato ambaye baba alimwamini miaka mingi. Tulipomaliza mwangaluka zetu, salamu za Kisukuma, hakushika spana. Aliuliza, "Mwanangu, hili gari linalala wapi?"

Nikamwambia, "Pale nyumbani Mabatini, mzee. Ubavuni mwa nyumba, kwenye mwinamo."

"Limelalia upande gani?"

Kushoto. Anayeijua Mabatini anajua kwamba sehemu tambarare ya kuegesha gari kule ni bahati. Nyumba zimepanda juu kati ya mawe, na gari linakaa panapopatikana. Basi usiku kucha oili ya difu inateremka ndani ya bomba la ekseli na kuegemea sili ya upande wa chini. Sili nzima inavumilia. Iliyochoka inaanza kulia machozi. Na kuna la pili: ukifungua nati ya kujazia oili gari likiwa kwenye mwinamo, kipimo kinakudanganya. Oili inatakiwa ifike ukingoni mwa tundu gari likiwa limesimama sawasawa. Tofauti na hapo unaweza kujaza kupita kiasi, na ile ya ziada itatafuta pa kutokea.

Kisha akaingia chini na kunionyesha kitu ambacho wengi hawakijui kabisa: briza, kile kikofia kidogo kilichofungwa juu ya ekseli ili difu ipumue. Gari likitembea, difu inapata moto, hewa ya ndani inatanuka na lazima itoke. Kikofia chetu kilikuwa kimezibwa na matope makavu, hakizunguki wala hakitikisiki. Hewa ikikosa njia hapo juu inasukuma oili ipite kwenye mdomo wa sili. Hata ungefunga sili bora kuliko zote zinazouzwa mjini, ingevuja. Tulikifungua, tukakiosha kwa petroli, tukapuliza mpaka kikapitisha hewa. Kazi ya dakika chache tu, na naiona ndiyo iliyokuwa muhimu kuliko zote leo.

Upande huu wa ziwa briza ina adui mwingine. Pikapu nyingi zinarudishwa kinyumenyume majini, kupakia au kuoshwa, mpaka nusu ya tairi inazama. Ekseli imetoka safari, ina moto. Ikikutana na maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta. Inavuta maji kupitia briza, au kupitia sili iliyolegea. Ukikuta oili ya difu imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, tayari maji yameingia. Ukiacha gari, kuna ziwa lenyewe. Maji mengi ya bomba ya Mwanza yanachotwa ziwani kule Capri Point, kwa hiyo oili inayoachwa mwaloni tunaiacha karibu na midomo yetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilitenga mita 60 kutoka ufukweni ili zilindwe. Natamani tungeziheshimu bila kusubiri kufukuzwa.

Tulisogeza gari hadi kwenye sakafu ya gereji iliyo sawa, tukaweka mawe mbele ya tairi za mbele, tukapiga jeki na kulikalisha kwenye stendi. Ngoma ilikuwa imeng'ang'ania, lakini magari haya yana matundu mawili kwenye ngoma kwa kazi hiyo: unaingiza bolti mbili za spana namba 12, unazikaza kwa zamu, ngoma inajisukuma yenyewe nje. Hakuna haja ya nyundo. Ndani, viatu vya breki vilikuwa vimelowa na kung'aa.

Hapo kijana mmoja pale gereji alishauri tuvimwagie petroli na kuvichoma moto, vikauke, tuvirudishe. Mzee akatikisa kichwa, na mimi nakubaliana naye kwa moyo wote. Oili ikishaingia kwenye kiatu haitoki yote. Breki ikipata moto, oili inajikamua tena juu, upande mmoja unashika na mwingine unateleza, na gari linavuta pembeni. Fikiria hilo ukiwa na mzigo, unashuka kilima, mbele yako kuna watoto wanaotoka shule. Viatu vimenunuliwa vipya, pande zote mbili.

Baada ya kufungua bomba la breki, waya wa hendibreki na nati nne za nyuma ya bamba linaloshika viatu vya breki, shafti inayozungusha tairi ilitoka na beringi yake. Mzee alilizungusha beringi taratibu, sikio karibu. Likiwa na mchezo, shafti inayumba, na sili haiwezi kufuata shafti inayoyumba. La kushoto lilikuwa zima. Akapitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Mdomo wa mpira ukikaa miaka mahali pamoja, na vumbi likiwa chini yake, unachimba mfereji kwenye chuma. Ukucha wake ulipita bila kukwama. Ungekwama, ingebidi tutafute bushi nyembamba ya kuvika pale, au tukalishe sili mpya mbele au nyuma kidogo ya alama.

Sili ya zamani ilikuwa imekauka, mdomo mgumu kama ukucha wa mbuzi. Nilikwenda nayo dukani mkononi, kwa sababu vipimo vimeandikwa usoni pake: tundu la ndani, upana wa nje, unene. Mpya tuliipaka grisi mdomoni, upande wenye springi ukaelekezwa kwenye oili, ikagongwa kidogokidogo kuzunguka juu ya kipande cha mbao hadi ikakaa sawa.

Kisha ikaja sehemu ambayo sikuthubutu kupumua. Shafti ni nzito, na meno ya ncha yake yakiulalia mdomo wa sili yanauchana palepale, bila wewe kuona. Mzee alishika mwisho wa nje kwa mikono miwili, mimi nikaupokea uzito kwa chini kwa kiganja, tukaiingiza ikielea katikati ya tundu, haigusi popote. Ilipofika kwenye difu alizungusha kidogo, meno yakapatana, ikaingia. "Hapo," akasema.

Tulitoa hewa kwenye breki, tukajaza oili nzito ya difu, 80W-90 ya GL-5, kwa kuwa meno ya difu yanasuguana kwa kuteleza na oili nyepesi haiyalindi. Ile chafu sikuimwaga mtaroni; mitaro ya kwetu inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Amechukua dumu jirani yangu seremala, anapaka mbao za mapaa kuzuia mchwa.

Nimelipeleka hadi Usagara na kurudi. Kushoto ni kukavu. Kulia hakuvuji, lakini beringi lake lina mchezo kidogo, na mzee anataka tulifungue kabla halijaiharibu sili ya huko. Kesho natafuta beringi pamoja na ringi yake ya kubana, inayolishika kwenye shafti, maana ile ya zamani inatolewa kwa kukatwa na hairudi. Gari nimeligeuza, leo limelala limeangalia upande mwingine.