Kabla ya harambee ya shingo ya dada, tuulizane maswali

Tangu grupu ya familia ianze kuongea mambo ya kumpeleka dada yangu India awekewe waya kwa ubongo kila mtu ako na maoni, wengine tayari wanataja tarehe ya harambee, na mimi kwa vile nimesoma sana hii kitu wanaita DBS nimeona niandike yote hapa, kwa simu watu hawanipi nafasi nimalize.

Kwanza ugonjwa wenyewe, distonia ya shingo. Misuli inakaza yenyewe bila kuambiwa, kichwa kinavutwa upande mmoja, saa zingine kinatikisika, na maumivu hayaishi. Dada kichwa chake kinaenda kushoto. Pale soko la Kibuye, Kisumu, anapouza mitumba, mteja akisimama kulia anaangaliwa kwa pembe ya jicho, wengine wanakasirika wakidhani wanadharauliwa. Ule msuli wa kulia wa shingo umetutumka kama kamba ya mzigo. Lakini akigusisha kidole kwa kidevu, kugusa tu bila kusukuma, kichwa kinarudi katikati kwa muda, ndio maana utamwona anahesabu chenji na mkono mmoja ule mwingine uko kidevuni. Watu wakiona hivyo wanasema anajifanya. Hajifanyi jamani!! Madaktari wanaijua sana hio, wagonjwa wengi wa distonia wako na mahali pao pa kugusa, mwingine shavu, mwingine kisogo. Shida haiko kwa shingo, iko ndani ya ubongo kwa zile sehemu zinazopanga mwendo wa mwili, na sio chira (laana) wala mapepo, naomba tuache hayo maneno mbele yake.

Vidonge vilimkausha mdomo na kumsahaulisha vitu. Sindano za Botox, zile za kulegeza misuli, zilimsaidia, ila nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu hivi inabidi udungwe tena, na siku hizi hazimfikishi mbali kama mwanzo. Kwa watu kama yeye ndio DBS inafikiriwa.

Wanatoboa fuvu, wanapitisha waya mbili nyembamba, moja kila upande wa ubongo, mpaka sehemu inaitwa globasi palidasi, halafu waya inapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, inashuka shingoni hadi kwa betri iliyozikwa chini ya ngozi ya kifua, chini kidogo ya mfupa wa mtulinga. Hio betri inatuma umeme kidogo kidogo mchana na usiku. Sio uchawi na sio majaribio ya jana, kina Profesa Benabid na Pollak walianza kule Grenoble, Ufaransa, 1987 na wagonjwa wa kutetemeka, na Marekani ikairuhusu kwa distonia 2003. Kuna utafiti ulitoka 2014 wa wagonjwa 62 wa shingo ambao Botox haikuwatosha, wote walifanyiwa oparesheni lakini wengine mashine ikawashwa na wengine ikaachwa imezimwa bila kuambiwa, na baada ya miezi mitatu waliowashiwa walikuwa wamepata nafuu zaidi. Kwa hivyo mimi siipingi, naitamani sana.

Shida yangu ni ile video binamu alituma, mzee anawashiwa mashine na mkono unaacha kutetemeka papo hapo. Huyo ni wa Parkinson, ugonjwa mwingine wa ubongo unaoleta kutetemeka. Distonia haiendi hivyo. Kutikisika kunaweza kupungua mapema lakini kule kupinda kunanyooka polepole, wiki, miezi, wengine hata mwaka, na katikati hapo lazima urudi kwa daktari arekebishe umeme, aongeze, apunguze, asubiri, arudie. Ukiongezwa vibaya ulimi unakuwa mzito, na dada anakula kwa mdomo wake, anaita wateja siku nzima. Kuna hatari ya damu kuvuja kwa ubongo, kuna maambukizi, waya inaweza kukatika, na wengine hawapati nafuu kubwa.

Na betri? Zile zisizochajiwa hukaa miaka michache tu, mara nyingi kama 3 hadi 5, ikiisha dalili zinarudi na ni oparesheni ingine ya kubadilisha. Za kuchaji zinadumu zaidi lakini uchaji kila mara, na stima ya kwetu mnaijua.

Sasa tukichanga pesa ya tiketi na oparesheni pekee, tumemwacha njiani. Jumapili nataka tuulize hospitali: mashine ni ya kampuni gani, nani hapa Kenya anaweza kuirekebisha, betri mpya ni pesa ngapi, na kidonda kikipata usaha akiwa Kisumu anaenda wapi. Majibu yakija ndio tutaje tarehe. Na yeye mwenyewe aulizwe, mpaka sasa hakuna aliyemuuliza kwa grupu. Mimi nilimuuliza, akasema anataka tu kuvuka barabara ya Kondele akiangalia pande zote mbili.

Kama uko Kisumu, Nakuru, Eldoret au popote na unaishi na hii mashine, au mtu wako anayo, tafadhali niandikie, hasa uniambie nani huwa anawarekebishia umeme na mnasafiri hadi wapi.