Jino la Kandy na sanda ya Turin

Wapo wanaodai dini za Mashariki ni falsafa tupu, masalia matakatifu ni mambo ya Wakatoliki. Haya, Kandy, Sri Lanka, kuna hekalu zima la jino linalosemekana ni la Buddha, limefungiwa kwenye vikasha, kimoja ndani ya kingine. Karne ya 16 Wareno walitangaza kwamba wameliteketeza huko Goa, India. Jibu la waumini: lile lilikuwa bandia, la kweli lilifichwa.

Sanda ya Turin, Italia, ni kitani cha mita 4 na ushei chenye taswira ya mtu, kinachosemekana ndicho alichozikiwa Yesu. Tangu 1389 askofu Pierre d'Arcis alimwandikia papa kuwa taswira hiyo ni mchoro. Mwaka 1988 kilikatwa kipande cha kona moja, kikagawanywa kwa maabara za Oxford, Zurich na Arizona. Kaboni-14, kipimo cha umri wa vitu vya kale, ikaonyesha kitani ni cha kati ya mwaka 1260 na 1390. Jibu la watetezi: kona ile ilitiwa kiraka baadaye. Ujanja uleule!

Tofauti ni kwamba kitambaa kinapimika tena, kwa sampuli za sehemu kadhaa. Jino hata kuonekana ni shida: mahujaji huona kikasha cha nje, na kwenye maandamano ya Esala, sikukuu ya kila mwaka ya jino hilo, tembo hubeba kikasha ambacho jino lenyewe halimo.